Katuni Yenye Sura ya Mama Mkwe

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, msomaji, usisikitike. Mambo yenyewe ni haya.

Renatus, kijana mchora mabango wa Chemchem, alipeleka mkono wake mahali ambapo mikono ya watu wenye akili haifiki. Alichora katuni ya Mheshimiwa Yoramu. Hakuweka jina lake mwenyewe wala la mheshimiwa, lakini hata mtoto wa chekechea angejua ni nani.

Huyu Yoramu ni diwani wa kata ambayo hatutaitaja, maana wenyeji wake ni wakali. Ni mgane, mtu mzima, na msimu mzima alikuwa juu ya majukwaa akihubiri maadili. Gesti zifungwe mchana! Mgambo waingie! Wazinzi watolewe!

Mgambo wakatii. Siku walipoingia gesti ya Twalibu kule Goweko, mtu wa kwanza kuchomoka dirishani alikuwa mheshimiwa mwenyewe, kajifunga kanga kichwani. Akajitosa kwenye bani la kukaushia tumbaku, na humo moto ulikuwa unawaka. Walipomtoa alikuwa anapiga chafya, macho mekundu, rangi yake imefika daraja la kwanza la tumbaku.

Mwanamke aliyekuwa naye hakuonekana.

Tabora ni mji uliozaliwa na misafara. Zamani wapagazi walibeba mizigo mabegani na habari midomoni. Leo treni inabeba vyote viwili. Habari ya Goweko ilishuka stesheni ya Tabora ikiwa imenenepa, na Renatus akaipokea kwa mikono miwili. Akaichora kijarida kizima, akakiita *Mheshimiwa Maadili*. Huzefa wa duka la steshenari akakitoa fotokopi, mlango wa duka kaufunga nusu, anacheka mpaka mashine ikatafuna karatasi. Kikasambaa mjini ndani ya magazeti, chini ya matenga ya nyanya, hata katikati ya vitabu vya nyimbo.

Ila yule mwanamke asiyejulikana, ambaye Renatus alimvika taulo tu, alihitaji sura. Renatus hakufikiri, aliuachia mkono. Mkono ukamletea sura iliyokuwa ikimtisha kila Jumapili: mwanya, kishimo cha shavu la kushoto, na kilemba kilichofungwa kana kwamba kinataka ugomvi. Sura ya Mama Flavia. Na Flavia ndiye mchumba wake.

Wiki jana tulimwacha Renatus kijijini Ntalikwa, sebuleni kwa huyo mama, amekuja na baba yake mdogo Elieza kupeleka posa. Kabla Elieza hajamaliza salamu za ng'ombe na mvua, mama mwenye nyumba aliingia na kijarida, akakibwaga mezani kati ya sahani ya matobolwa, viazi vitamu vya kukaushwa, na bakuli la asali.

"Kabla ya posa," akasema, "kuna hili."

Elieza akakitazama kama mtu anayetazama nyoka wa jirani. Ukweli ni kwamba nakala yake ilikuwa mfukoni mwa koti, na njia nzima alikuwa akimsomea Renatus kipande cha bani kwa sauti mbili, ya mheshimiwa na ya chafya. Hakujua kwamba mchoraji ndiye huyo anayetembea naye.

"Upuuzi wa vijana huo, Mama Flavia," akasema. "Mimi hata sijakiona."

"Hujakiona?"

"Nimesikia tu."

"Basi mimi nimekiona. Nikipita, watu wananyamaza. Kule kigangoni akina mama ninaowaongoza wamehamia benchi la nyuma, kazi yao kukohoa. Mmoja kaniuliza, 'Mama mwenyekiti, tumbaku Goweko inaendeleaje?' Mimi! Tangu nizaliwe sijapanda hata mche wa tumbaku!"

Flavia alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai, anatazama vidole vya miguu yake. Yeye alijua nani kachora. Alikuwa amekicheka kijarida kile mpaka machozi yakamtoka. Nani anamtafuta mama yake mzazi ndani ya taulo? Asubuhi hiyo ndipo mama alipomwonyesha kile kishimo cha shavu, na tangu hapo Renatus hajapata kwake hata salamu.

"Wewe ni mchoraji," mama akamgeukia Renatus. "Mafundi mnajuana mikono. Nani kachora hii?"

"Shikamoo, mama," akasema Renatus.

"Umeshaniamkia na nimeshaitikia. Nani kachora?"

"Huu mkono... huu si wa hapa, mama. Huu mkono wa Dar."

"Mtu wa Dar kaijulia wapi sura yangu?"

"Labda imefanana tu."

"Basi nitazame."

Hapo ikaja shida nyingine. Kwa Wanyamwezi, kijana hamkazii macho mama mkwe. Elieza alikuwa amemfunza tangu walipotoka nyumbani: ukipewa maji, pokea umeinama, ukiulizwa, jibu mkeka.

"Mama, adabu..."

"Adabu nimekuruhusu. Nitazame mimi, halafu utazame hii. Ni mimi au si mimi?"

Renatus akainua macho. Akayashusha kwenye kijarida. Akayainua tena. Jasho likaanza kumtafuta mgongoni.

"Si wewe, mama," akasema kwa haraka. "Huyu ni mzuri zaidi."

Mlangoni, chai ikamwagika.

Elieza aliona moto umewaka, akaja kuuzima kwa mafuta ya taa. "Mama Flavia, mbona jambo dogo hili! Mwanangu huyu akikuchora utadhani umejitazama kwenye kioo. Mpe karatasi akuchore hapa hapa. Picha hiyo uende nayo kigangoni, uiweke pembeni ya huu upuuzi. Wataona tofauti, midomo itajifunga yenyewe."

"Baba mdogo," Renatus akanong'ona.

"Nini? Aibu utaona tukifika kwetu."

Mama akafikiri, akaafiki. Flavia akatumwa karatasi na penseli. Alipomkabidhi Renatus alimfinya kidole, na haukuwa mfinyo wa mapenzi.

Renatus akashika penseli kwa mkono wa kushoto.

"Tangu lini wewe mashoto?" akauliza Elieza.

"Wa kulia unauma."

"Si ndio uliobebea ndoo ya asali mpaka hapa?"

Ikabidi ahamie kulia. Akaazimia kuchora vibaya, achore kama mtu ambaye hajawahi kushika kalamu. Akaanza na pua, akaifanya kiazi. Lakini mkono, kabla hajauzuia, ukakikata kiazi pembeni, pua ikakaa. Akapandisha jicho moja juu ya jingine makusudi. Badala ya kuharibika, mama akaonekana anakonyeza. Akasema moyoni, basi angalau kilemba nikikosee. Kilemba kikatoka na ugomvi wake wote.

Elieza akachungulia begani kwake, akapiga makofi. "Si nilisema? Ni yeye mtupu! Tena na hilo jicho, kama pale anapomkonyeza mheshimiwa kabla ya mgambo—"

Akajiziba mdomo. Alikuwa amesahau kwamba hajakiona.

Mama akainyakua karatasi. Akailaza mezani, kijarida akakiweka kando yake. Akatazama huku, akatazama kule. Nje kuku jike alikuwa akitangaza yai lake.

"Renatus."

"Naam, mama."

"Mkono wa Dar, eti?"

Kijana akashuka kwenye kiti, akapiga magoti mkekani. "Nisamehe, mama. Ni mimi. Lakini Mungu ni shahidi, sikukukusudia wewe. Nilikuwa nakuogopa. Siku hizi nikichora mtu yeyote, unakuja wewe. Hata bango la kinyozi pale Chemchem, yule mwanamume anayenyolewa alianza kuwa wewe, ikabidi nifute."

Elieza akatoa nakala yake mfukoni, akaifungua, akaitazama upya. Woga na majivuno vikapigana usoni mwake. "Hii? Umeichora wewe? Hata chafya?"

Lakini mama hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amesimama, kijarida mkononi, na sauti yake ikapanda mpaka kwenye mabati.

"Taulo! Umenivika taulo!"

"Mama, ni mchoro tu—"

"Mchoro gani wa uongo hivi! Taulo umelitoa wapi? Nilivaa gauni langu la kitenge, na viatu nimefunga! Na hili dirisha ulilomtolea ni la mbele. Mbele kuna duka, na watu wamejaa, angepitia wapi? Alitokea la nyuma! Na hiyo kanga haikuwa ya maua, ilikuwa ya korosho! Na kuku mbona hukumchora? Tulikuwa tunakula kuku!"



Kuku wa nje, yule wa yai, alinyamaza.

Elieza ni mtu ambaye mambo humfikia kwa mguu. Alikunja uso, akakunjua, akauliza kwa upole kabisa, "La nyuma, Mama Flavia? Umejuaje?"

Mama akaketi. Mkono ulipanda mdomoni, lakini ulichelewa, maneno yalikuwa yameshatoka na kukaa sebuleni kama wageni wengine.

"Mama?" Flavia akasema.

"Weka hilo birika chini, mwanangu, litakuunguza."

"Mama, ulikuwa Goweko?"

Mama Flavia akapitisha kiganja kwenye paja lake, akainyoosha kanga ambayo haikuwa na kunyanzi. "Nilikuwa," akasema. "Na nilitoka kwa mlango. Mgambo walikuwa wote wanamkimbilia yeye kule nyuma. Waliobaki barazani, walivyoniona na mkoba wangu na rozari shingoni, wakaniamkia. Nikaitikia marahaba, nikaenda zangu stesheni."

Renatus bado alikuwa amepiga magoti. Alijiona kama mtu aliyerusha jiwe gizani akasikia, "Mama wee!" Alidhani amebuni. Alimcheka mwanamke wa hewani, kumbe ndiye huyu anayemsubiri ampe binti.

"Nani alikwambia?" mama akamuuliza, sasa kwa sauti ndogo. "Flavia hajui. Padri hajui. Nani alikwambia?"

"Hakuna, mama. Naapa. Ilikuja yenyewe."

"Hakiji chenyewe kitu kama hicho."

Angeendelea, lakini pikipiki iliingia uani na kuzima pale pale mlangoni. Mtu akapiga hodi mara moja na kuingia kabla hajakaribishwa, kofia ya pikipiki bado kichwani. Alipoivua, Elieza akaruka wima.

"Mheshimiwa!"

Na katika kuruka huko, kijarida kikamponyoka, kikatua juu ya kiatu cha mgeni.

Yoramu akainama, akakiokota, akakipangusa vumbi, akamrudishia. "Hiki ninacho, mzee wangu," akasema. Kisha akamgeukia mwenye nyumba.

"Bertila."

Msomaji, sikiliza vizuri jina hilo. Hakusema Mama Flavia. Hakusema Mama Mwenyekiti, wala dada, wala mama. Pale Ntalikwa hakuna mtu aliyemwita hivyo, jina tupu, tangu alipozikwa mume wake. Flavia alilisikia na kujua kwamba halikutamkwa leo kwa mara ya kwanza.

"Kuna wageni," Bertila akasema.

"Nawaona. Wanisamehe. Lakini neno lenyewe haliwezi kungoja." Yoramu akabaki amesimama, anaizungusha kofia mikononi. Kwa karibu hakuwa mtu wa jukwaani; alikuwa mwanamume wa makamo aliyekosa usingizi. "Twalibu kamfukuza mkewe. Mwamvita yuko kwa kaka yake na nguo alizovaa."

"Mwamvita? Kafanya nini?"

"Hakuna aliyeona mwanamke akitoka gestini siku ile, ila mama mmoja mwenye rozari, naye hawakumhesabu. Si ndivyo? Basi watu wamekaa wakapiga hesabu zao: kama hakutoka, ni wa humo humo. Na wa humo ni mmoja, mke wa mwenye gesti."

"Lakini ile sura si yake!" Renatus akajikuta amesema.

"Twalibu anasema mchoraji kamwonea haya, kamwekea sura ya mtu mwingine." Yoramu akamtazama. "Wewe nani, kijana?"

Renatus akaificha penseli nyuma ya mgongo.

"Ndiye," akasema Bertila.

Mheshimiwa akamkagua kuanzia utosini mpaka magotini, maana kijana alikuwa bado yuko mkekani. Elieza alikwisha kuanza kutafuta mlango wa nyuma kwa macho.

"Masikio yangu hayako hivyo," Yoramu akasema hatimaye.

"Samahani, mheshimiwa."

"Na kwenye bani nilipiga chafya kidogo tu."

Akavuta pumzi, akamrudia Bertila. "Kesho nina mkutano wa hadhara. Nitasimama niseme ni kweli, nilikuwa pale, niliwapigia watu kelele kwa jambo ninalolifanya mwenyewe. Udiwani wauchukue. Lakini nikisema Mwamvita hana hatia bila kumtaja aliyekuwepo, nani ataniamini? Mimi, niliyehubiri maadili halafu nikatokea dirishani? Na jina lako sitalitaja bila ruhusa yako. Hilo moja. La pili..." Akakohoa. "La pili, nimekuja kuposa. Kama bado inafaa."

"Posa?" Elieza akashtuka. "Mheshimiwa, kwa heshima zote, sisi tumetangulia!"

Hakuna aliyecheka. Flavia alikuwa amemkazia mama yake macho.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mvua za mwaka juzi."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hapa, mwanangu. Ndiyo maana sikusema. Yeye ni mzee wa kanisa kule kwao, mimi ni mwenyekiti wa akina mama huku. Nikajiambia, ngoja kwanza Flavia aolewe. Asiende kwa watu huku maneno ya mama yake yanamfuata nyuma."

Flavia akafuta pua kwa ncha ya kanga. Hasira zilikuwepo, lakini zilikuwa zimekosa pa kukaa.

Bertila akamgeukia Yoramu. "Mwamvita ana watoto?"

"Wawili. Twalibu kabaki nao."

Bertila akasimama. Akakifungua kilemba chake mbele ya wote, akakifunga upya, polepole, kama anayejiandaa kwenda kupokea sakramenti. Akakivuta kiti mpaka dirishani, akaketi, uso kwenye mwanga.

"Renatus, inuka hapo chini. Chukua karatasi nyingine."

"Mama?"

"Mkutano watu wanausikia kwa sikio moja. Kijarida chako kinasomwa mpaka na wasiojua kusoma. Nichore. Gauni la kitenge, viatu, kuku mezani. Halafu nichore nikitoka mlangoni, na mgambo wananiamkia. Na chini andika jina langu lote, la ubatizo na la baba."

Yoramu alitaka kusema neno. Bertila akamwinulia kiganja. "Wewe posa yako ngoja. Kwanza Mwamvita arudi kwa watoto wake."

Renatus akanyoosha mkono kwenye karatasi. Mkono mwingine ukafika kabla yake.

"Hatachora," akasema Flavia.

"Flavia."

"Mama, mimi nafundisha darasa la tatu. Watoto wanaficha hizi kurasa chini ya madawati. Mpaka leo walikuwa wanamcheka mwanamke asiye na jina. Ukimpa jina, watakucheka wewe. Watakucheka mpaka na wajukuu wako." Akaikumbatia karatasi kifuani. "Mwende kwa Twalibu, wewe na huyu mheshimiwa wako. Mkae naye, mmweleze. Mkewe atarudi. Kwani lazima mji mzima ujue?"

"Mwamvita katukanwa mbele ya mji mzima," Bertila akajibu. "Nikamsafishe chumbani?"

Flavia akaibana karatasi zaidi. Akamgeukia Renatus, kwa mara ya kwanza siku hiyo, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Sikia. Ukimchora mama yangu tena, hata sikio lake, hiyo posa mliyokuja nayo mrudi nayo."

"Na usiponichora," mama akasema bila kugeuka, uso bado kwenye mwanga, "hebu niambie, ni mkwe gani ninampa binti yangu? Anayejua kuchora uongo tu?"

Renatus akamtazama baba yake mdogo. Elieza, ambaye tangu asubuhi hakuwahi kupungukiwa na neno, alikuwa ameegemea ukuta, anatafuna tobolwa moja bila kulimeza.

Renatus akakigeuza kijarida kilichokuwa mezani. Jalada lake la nyuma lilikuwa jeupe, tupu, linatosha mtu mmoja.

Akainua penseli.

"Anza na macho," akasema mama mkwe.

"Thubutu," akasema Flavia.